Mlango wa kompositi kutoka Uingereza, au mlango wa babu?

BARUA

Assalaam aleikum, mshauri wetu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mjane, mkazi wa Lamu. Nyumba ninayokaa ni ya mawe, iko mtaa wa Langoni, na aliijenga babu yangu mzaa baba. Tumo ndani mimi, mama yangu ambaye umri wake umekwenda sana, binti yangu na wanawe wawili. Ninakuandikia kwa ajili ya mlango wa mbele, na ninakuomba usilione jambo hili kuwa dogo, kwa maana mlango huu umeingia kati yangu na mwanangu na kaka yangu, hata simu za Ijumaa ambazo tulikuwa tukizingojea kwa hamu zimekuwa za kukwepana maneno.

Mlango wenyewe ni wa pande mbili, na fremu yake ina nakshi pamoja na mfaa, yaani ule mwimo wa katikati pande mbili zinapokutana. Sijui hasa ulitengenezwa mwaka gani, lakini baba alikuwa akisema kwamba alizaliwa akaukuta, na baba alizaliwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Juu bado ni mzima, ila chini umeoza. Upande wa kulia mchwa wamekula sehemu iliyo karibu na kizingiti, na ukigonga kwa kidole unasikia utupu. Wakati wa masika mbao hufura, hata hatuwezi kuufunga mpaka binti yangu ausukume kwa bega, na wakati wa kaskazi hukauka ukaacha nyufa. Komeo limelegea. Mwaka uliopita nyumba ya jirani iliingiliwa usiku, na tangu siku hizo mama yangu hushtuka kwa kila mlio wa paka. Kila usiku tunasogeza kabati dogo nyuma ya mlango ndipo alale.

Mwanangu mkubwa anaishi na kufanya kazi Uingereza. Alipopata nyumba yake huko alibadilisha mlango wa mbele, akaweka ule wanaouita kompositi, wa tabaka za vitu mbalimbali, na ameusifu sana. Anasema nyumba imekuwa na joto, bili ya gesi imepungua, kelele za barabarani hazisikiki, na kwamba mlango ule haupakwi rangi wala hauingii mchwa, na kitasa chake hujifunga sehemu kadhaa kwa pamoja. Anataka kuniletea kama huo. Bei aliyopewa ni pauni 1,350 bila kufungwa, naye atalipa zote. Utasafirishwa ndani ya kontena pamoja na mizigo ya watu wengine mpaka Mombasa. Kutoka hapo gharama ni zangu: ushuru, lori mpaka Mokowe, mashua, hamali, na fundi wa kubomoa na kujenga upya pale mlangoni. Nimepiga hesabu, sitatoka chini ya shilingi 150,000, nazo ni karibu akiba yangu yote, ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya paa linalovuja upande wa chumba cha mama.

Nimemwita seremala mmoja wa hapa, mtu mzima anayeheshimika. Amesema anaweza kukata sehemu iliyooza, akaunga mbao mpya za mbambakofi, akabadilisha kizingiti na kuweka komeo jipya na kitasa kwa shilingi 80,000. Mlango mpya kabisa wa nakshi, amesema, hautapungua 250,000.

Kaka yangu anakaa Mombasa. Aliposikia habari hii alighadhibika, akasema kuung'oa mlango wa babu ni aibu kwa ukoo mzima. Lakini kaka yangu huyo hajawahi kutoa hata pesa ya chokaa kwa nyumba hii. Binti yangu naye yuko upande wa ndugu yake, anasema mlango wa zamani haumlindi mtu. Na juu ya yote hayo amekuja dalali, ameuangalia mlango kwa makini sana, akaniambia atanipa 40,000 nikiamua kuutoa, kwa kuwa ana mteja wa nje.

Nimechoka na sijui nimsikilize nani. Je, mlango huo wa kompositi una thamani ya pesa zote hizo? Na nikiukataa, nitamwambiaje mwanangu bila ya kumvunja moyo?

Mama wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na sikuona udogo wowote ndani yake. Mtu anayelala na kabati nyuma ya mlango ana tatizo la kweli, na mama mzee asiyepata usingizi ni sababu tosha ya kutaka jambo litendeke mapema. Ninakupongeza pia kwa kuwa ulingoja na kuuliza kabla pesa hazijatoka mkononi.

Kama nimekuelewa vyema, umeuliza swali moja la bei, lakini ndani yake mna maswali mengine ambayo hayana bei. Kuna mlango ulioharibika na usalama wa watu wanne wanaokutegemea. Kuna mtoto aliye mbali anayetaka kumfanyia mama yake wema anaoweza kuuona na kuugusa. Kuna kaka anayesema kwa niaba ya ukoo. Na kuna akiba moja tu inayongojewa na mlango na paa kwa wakati mmoja. Ninashauri tuyatenganishe haya, kwa sababu yakichanganywa, kila mtu atakuwa akijibu swali la mwenzake.

Tuanze na kile ambacho mwanao amekisifu, maana hakusema uongo. Milango hii hutengenezwa kwa tabaka. Nje na ndani kuna ngozi ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ambayo ni faiba ileile ya boti unazoziona gatini. Katikati hujazwa povu gumu la kuzuia joto, na katika aina nyingine huwa ni mbao zilizogandishwa pamoja. Unene wake huwa kiasi cha milimita 44 au 48, na fremu yake aghalabu ni ya plastiki ngumu. Sababu kubwa ya watu wa Uingereza kuununua ni baridi. Kule nyumba hutiwa joto kwa gesi au umeme kwa miezi mingi ya mwaka, na kila joto linalopenya mlangoni ni pesa inayotoka nje. Kanuni zao za ujenzi zilizoanza kutumika England mwaka 2022 zinataka mlango unaowekwa badala ya wa zamani usipitishe zaidi ya wati 1.4 kwa kila mita mraba kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Mlango wa mbao tupu hupitisha takriban mara mbili ya hapo. Kwa hiyo aliposema kuwa bili yake imepungua, ninamwamini.

Sasa, dada yangu, jiulize ni sehemu gani ya bei hiyo ya pauni 1,350 inayolipia jambo ambalo nyumba yako inalihitaji. Wewe huwashi gesi kupasha nyumba joto. Nyumba ya mawe ya Lamu hupozwa na unene wa kuta zake za matumbawe na chokaa, na kwa upepo unaopita kutoka njiani mpaka kiwandani, yaani ule ua wa ndani. Mchana mlango wako, kama ilivyo kwa majirani wengi, pengine huwa wazi, na mlango ulio wazi hauzuii joto hata ukiwa na povu la namna gani. Joto linalokusumbueni, kama lipo, kwa kawaida hutoka juu, na umeniambia kwamba paa lako lina shida. Kwa hiyo ile sifa ambayo mwanao ameiweka mbele inabaki ndogo sana kwako. Sisemi kwamba mlango huo hauna faida nyingine, nazo ndizo tuzipime.

Ya kwanza ni mchwa. Ni kweli kwamba mchwa hawali faiba. Lakini aina nyingi za milango hii zina kiunzi cha mbao ndani, kwenye kingo zake, na hizo zenye mbao katikati ni mbao zaidi. Mchwa wa kwako wamo ukutani au ardhini chini ya kizingiti, na wakikosa mlango watatafuta boriti. Ukiondoa mlango bila ya kuwashughulikia wenyewe, utakuwa umewahamisha tu. Gharama ya kupiga dawa pale chini ipo katika njia yoyote utakayoifuata, na sikuiona katika hesabu yako wala katika hesabu ya seremala.

Hapo ninataka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani kuna swali ambalo hakuna aliyekuuliza: kwa nini mlango ambao umedumu tangu enzi za babu yako umeoza sasa, tena umeoza chini tu? Mbao za aina hiyo hazizeeki kwa kuanzia miguuni bila ya sababu. Huenda njia ya mbele imeinuliwa kwa kuwekwa saruji au matofali, na maji ya mvua yakawa yanaelekea mlangoni. Huenda pia ukuta wa pande zote mbili ulipigwa plasta ya saruji badala ya chokaa, kama nyumba nyingi zilivyofanyiwa kwa nia nzuri. Chokaa huacha ukuta wa matumbawe upumue, unyevu ukaingia na kutoka. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi yake, na ule unyevu hutafuta pa kutokea, mara nyingi pale mbao zinapokutana na ukuta. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo, basi mbao mpya za seremala zitaoza kama za zamani, na fremu ya plastiki ya mwanao itafungwa kwa skrubu kwenye ukuta mbichi unaomeguka. Kabla ya kuchagua mlango, mtafute mwashi anayejua kazi ya chokaa auangalie ukuta. Huenda ushauri wake ukawa na faida kubwa kuliko mlango wowote.

Ya pili ni usalama, na hili ninalichukulia kwa uzito wote. Kitasa cha milango hii kina nguvu ya kweli. Unainua mkono wa mlango juu, ndoano na vyuma kadhaa vinaingia kwenye fremu juu, katikati na chini, kisha unazungusha ufunguo. Mlango uliofungwa hivyo ni vigumu kuusukuma au kuung'oa kwa mtaimbo. Hata hivyo ninakuomba ufikirie mambo mawili. Kwanza, nani ataufunga usiku? Ule mkono huhitaji kuinuliwa kwa nguvu kiasi, na asiyejua au asiyeweza kuuinua huacha mlango umeshikiliwa na ulimi mmoja tu, akidhani ameufunga. Mama yako ataweza? Na kukitokea moto, ataweza kuufungua haraka akiwa peke yake ndani? Pili, kitasa hicho ni mashine ndogo yenye vipande vingi, na hewa yetu ina chumvi. Chuma cha kawaida hapa hupata kutu mapema, na vifaa vinavyostahimili pwani ni vile vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, au shaba. Ikiwa kitasa kitakwama, kipuri chake kitatoka wapi? Komeo la seremala wako likiharibika, yeye yuko mtaa wa pili.

Pia sijui mwizi aliingilia wapi kwa jirani. Wewe unaweza kujua. Aliuvunja mlango, au alipita juu ya paa, au dirishani, au mlango ulikuwa haukufungwa? Tunapoogopa, jicho letu huenda kwenye mlango wa mbele kwa kuwa ndio tunaouona kila siku. Ikiwa alipitia juu, hata mlango wenye kitasa bora duniani usingemzuia, na mama yako angeendelea kushtuka.

Ya tatu ni hiyo kauli ya kwamba mlango hauhitaji matunzo. Ni kweli kwamba haupakwi mafuta wala vanishi kila baada ya muda kama mbao. Lakini waulize wenye boti za faiba jua la Lamu linaifanyaje rangi ya juu baada ya miaka: hufifia na kuwa kama imenyunyiziwa unga. Mlango wa rangi nyeusi au ya giza ukipigwa na jua la moja kwa moja hupata joto kali upande mmoja, na milango ya namna hii hujulikana kwa kupinda kidogo katika hali hiyo, hata kitasa kikakataa kuingia. Kama njia yako ni nyembamba na yenye kivuli, hatari hii ni ndogo. Kama mlango unaelekea mahali pa wazi, ni jambo la kumwambia mwanao kabla hajachagua rangi. Mwombe vilevile asome vizuri karatasi ya dhamana. Dhamana ya miaka 10 ni ya kawaida kule, lakini mara nyingi huwa na sharti kuhusu nani aliyeufunga mlango na mahali ulipofungwa, na mlango uliovuka bahari na kufungwa na fundi wa Langoni huenda ukawa hauna dhamana yoyote siku ya kwanza.

Kuna na suala la vipimo. Milango hii hutengenezwa kiwandani kwa milimita, na tundu la mlango katika ukuta wa zamani halina pembe iliyonyooka. Mlango wako ni wa pande mbili na tundu lake ni pana. Mlango wa mwanao, nadhani, ni wa upande mmoja. Hilo lina maana kwamba ama utaagiza wa pande mbili, na bei yake itapanda sana, ama utajenga ukuta kupunguza tundu. Uhakika wa hesabu yako ya 150,000 unategemea jibu la hapo. Usisahau pia kwamba kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na kwamba hukokotolewa baada ya ushuru wa forodha kujumlishwa kwenye thamani ya mzigo na nauli yake.

Sasa nije kwa jambo ambalo limenishtua katika barua yako, nalo ni yule dalali. Umesema baba yako alizaliwa kabla ya vita vya pili vya dunia akaukuta mlango huo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inautaja mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa ni kitu kinacholindwa, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila ya kibali. Mtu anayekuambia ana mteja wa nje anajua au anapaswa kujua hivyo. Shilingi 40,000 zake zinaweza kukuingiza katika jambo ambalo hukulikusudia, na bei yenyewe, ukilinganisha na ile 250,000 ya mlango mpya wa nakshi, inasema mengi. Kwa vyovyote utakavyoamua, ninakusihi usipokee arubuni yake.

Zaidi ya hapo, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mabadiliko ya sura ya nje ya nyumba zilizo ndani ya eneo la hifadhi yanahitaji idhini. Langoni ni mtaa mrefu, na siwezi kujua kwa barua nyumba yako imeangukia wapi. Nenda katika ofisi ya hifadhi ya mji iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, ueleze unachokusudia na uulize pia kama wanaweza kukuelekeza kwa mafundi wa mbao na chokaa. Itakuwa msiba mkubwa mlango wa mwanao ufike Mokowe ndipo uambiwe hauwezi kufungwa.

Nisije nikakufanya uone kwamba njia ya seremala haina hatari zake. Mbao za mbambakofi zilizokauka vizuri si rahisi kupatikana, na mbao mbichi zikiungwa kwenye mbao kavu za miaka mingi zitajikunja na kuachana. Muulize amezitoa wapi na zimekaa muda gani. Muulize kama hizo 80,000 ni pamoja na kizingiti, bawaba na kitasa cha kisasa, au ni mbao na kazi tu. Usimlipe zote mwanzoni, hata kama ni mtu mnayeheshimiana. Na kumbuka kwamba mlango huo utaendelea kudai mafuta na jicho lako kila mwaka, jambo ambalo leo unaliweza, lakini siku moja litakuwa juu ya binti yako, naye amekwisha kusema hapendi.

Kuna pia njia ambayo hamkuitaja, ninaiweka mbele yako uiangalie tu. Kama nyumba yako ni ya mpango wa zamani, basi kuna daka, yaani kibaraza cha nje, kisha mlango, kisha tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, ndipo mtu aingie katika kiwanda, ule ua wa ndani. Mlango wa pili wenye nguvu unaweza kuwekwa kati ya tekani na kiwanda, ukafungwa usiku tu, ilhali mlango wa babu ukatengenezwa na kubaki mbele. Mlango huo wa ndani unaweza kuwa wa mbao nzito, au wa chuma kilichopakwa rangi vizuri, kwa kuwa hapo mvua haifiki. Unaweza hata kuwa ndiyo zawadi ya mwanao. Ubaya wake ni kwamba unazuia upepo wa usiku, unaongeza ufunguo mmoja wa kupotea, na mama yako atakuwa na milango miwili ya kufungua kukiwa na dharura. Nyumba nyingine hazina nafasi hiyo kabisa.

Kuhusu kaka yako, ninaelewa uchungu wako. Anayebeba mzigo ana haki ya kuchoka na maneno ya asiyebeba. Lakini ninakuuliza kwa upole: mirathi ya babu na baba ilikwisha kugawanywa? Ikiwa kaka yako bado ana fungu lake katika nyumba hiyo, basi neno lake lina uzito wa kisheria na wa kidini, mbali na suala la kutoa au kutotoa. Na huenda hasira yake ikawa mlango wa mazungumzo ambayo mmeyaahirisha. Mtu anayesema kwamba mlango ni heshima ya ukoo anaweza kuombwa, kwa adabu na bila ya kumsimanga, achangie kuitunza heshima hiyo. Mwandikie kiasi, usimwachie kwa jumla. Mwambie seremala ametaja 80,000, dawa ya mchwa ni kiasi fulani, na wewe unaweza kutoa kiasi fulani. Akikubali, mmepata njia. Akikataa, angalau utajua sauti yake uipime vipi.

Sasa mwanao. Wewe umeuliza utamwambiaje bila ya kumvunja moyo, na katika swali hilo nimeona kana kwamba kukataa mlango ni kumkataa yeye. Sidhani kwamba naye ameuona hivyo. Yeye yuko mbali, amesikia kwamba bibi yake halali, na kitu pekee alichokiona kikimpa yeye mwenyewe utulivu ni ule mlango. Anakupa alichokijua. Unaweza kumwambia: "Mwanangu, wema wako nimekwisha kuupokea, hata kama mlango haujaja. Nataka pesa zako zifanye kazi kubwa kuliko unavyofikiri, basi nisaidie kufikiri." Kisha mpe kazi. Mwombe akuulizie kule kiwandani kama kuna kitasa cha daraja la pwani, kama kuna mlango wa pande mbili na bei yake, kama dhamana inavuka bahari. Mwombe akae na ndugu yake na wewe kwenye simu moja, mpige hesabu ya kila njia mpaka mwisho, pamoja na paa. Mtu aliyeshiriki katika hesabu haoni kuwa amekataliwa, hata jibu likitoka tofauti na alivyotaka. Na pengine atakapoona kwamba paa la chumba cha bibi yake linavuja, yeye mwenyewe ndiye atakayeuliza kwa nini hukumwambia mapema. Inawezekana pia kwamba baada ya kusikia yote atabaki na msimamo wake, na akawa na sababu ambazo mimi sikuziona. Msikilize kwa moyo uleule ambao umenisikiliza mimi.

Na mama yako je? Katika barua nzima nimesikia kwamba halali usingizi, lakini sikusikia amesema nini juu ya mlango huo ambao amepita chini yake tangu alipokuja kuwa bibi harusi wa nyumba hiyo. Muulize. Muulize pia ni kitu gani kingemtuliza usiku wa leo, kwa sababu kulikaza komeo lililolegea na kuweka jingine juu yake ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo, na hakuwazuii kuamua mengine baadaye. Uamuzi unaofanywa na watu waliolala usingizi huwa na subira zaidi.

Siwezi kukuamulia, dada yangu. Mtu mwenye tundu la mlango mmoja, ukuta mkavu, nyumba iliyo nje ya eneo la hifadhi na mtoto mwenye uwezo anaweza kuuchukua mlango wa kompositi na asijute. Mwenye hali kinyume na hiyo anaweza kulipa fedha nyingi kwa faida zilizobaki Uingereza. Wewe uko wapi kati ya hao wawili, majibu utayapata kwa mwashi, katika ofisi ya hifadhi, na kwenye futi ya kupimia tundu la mlango wako. Jambo moja tu lina haraka: milango hii hutengenezwa kwa oda, na ikishaanza kukatwa kiwandani ni vigumu kurudishiwa pesa. Mpigie mwanao kabla ya Ijumaa, umwombe asilipe arubuni mpaka mtakapozungumza. Kisha niandikie tena, nami nitafurahi kusoma mwashi alikuta nini chini ya kizingiti.